Pampu ya umeme ya kuzamisha: inafaa kisima gani, na kwa nini nyingine hufa mapema

Kisima cha mafuta kikishapoteza nguvu ya kutiririka chenyewe, na maji yakaanza kuyazidi mafuta, hakuna kifaa kinachopandisha ujazo mkubwa kupitia nafasi finyu kama pampu ya umeme ya kuzamisha, ile ambayo watu wa visima huiita ESP. Kwa kazi hiyo tunaipa alama za juu, nchi kavu na baharini pia. Kwa kisima chenye gesi huru nyingi, mchanga usiodhibitiwa, au mtiririko wa mapipa machache tu kwa siku, tunashauri usiinunue, hata kama muuzaji ana jibu kwa kila swali. Kati ya ncha hizo mbili kuna visima vingi ambamo pampu ya aina moja hudumu miaka mitano kwenye kimoja na miezi mitatu kwenye jirani yake. Tofauti hiyo mara chache hutoka kiwandani. Pampu iliyokufa ikifunguliwa mezani, kilichoiua karibu kila mara kilikuwa tayari kimo kwenye takwimu za kisima kabla haijateremshwa.

Teknolojia yenyewe imekomaa. Armais Arutunoff, mhandisi aliyeanzia kazi zake Urusi, aliifikisha kwenye visima vya Marekani miaka ya 1920, na kampuni yake ya REDA iliyokita mizizi Bartlesville, Oklahoma, bado ipo kama jina la bidhaa ndani ya SLB, zamani Schlumberger. Baker Hughes wana Centrilift, Halliburton waliinunua Summit ESP mwaka 2017, na kutoka Urusi kuna Borets na Novomet. Mpangilio wa vifaa ni uleule kwa wote, kwa hiyo tunachokipima hapa ni aina ya mtambo, wala si chapa moja dhidi ya nyingine.

Unachonunua hasa

Kinachouzwa kwa jina la pampu ni mlolongo wa vifaa vilivyofungwa kwa flanji, mara nyingi wenye urefu unaozidi mita 20, unaoning'inia mwishoni mwa tubingi, bomba la ndani linalopandisha mafuta. Chini kabisa hukaa sensa ya presha, joto na mtetemo. Juu yake kuna mota ya awamu tatu iliyojazwa mafuta ya kuhami, kisha protekta, kisha mdomo wa kuingizia au kitenganishi cha gesi, na mwisho pampu. Kebo ya umeme hushuka kutoka juu ikiwa imefungwa ubavuni mwa tubingi. Ndani ya pampu kuna hatua nyingi zilizopangwa juu kwa juu, kila hatua ikiwa na impela moja inayozunguka na difyuza moja iliyotulia. Kwa umeme wa hezi 60 shafti huzunguka takriban mara 3,500 kwa dakika. Kwa hezi 50, takriban 2,900.

Protekta ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi na wanunuzi, na ndiyo inayoamua umri wa mota. Ina kazi nne kwa pamoja: kubeba msukumo wa shafti kwa beringi yake kubwa, kusawazisha presha ya ndani ya mota na ya kisima, kuyapa mafuta ya mota nafasi ya kutanuka yanapopata joto, na kuzuia maji ya kisima yasiingie. Zipo za vyumba vya labirinthi, zinazotegemea tofauti ya uzito kati ya mafuta ya mota na majimaji ya kisima, na zipo za mifuko ya mpira. Labirinthi ni imara na haina mpira wa kuoza, lakini kisima kikilala kupita nyuzi 30 hivi, sehemu kubwa ya uwezo wake inapotea. Tena mafuta ya kisima yakiwa mepesi karibu sawa na ya mota, haina cha kutenganisha. Mifuko hufanya kazi hata kisima kikiwa kimelala kabisa, ila mpira wake lazima ulingane na joto na kemikali za humo. Kwa visima vingi tunapendekeza protekta yenye zote mbili, mfuko juu na labirinthi chini, na protekta ya pili ya akiba pale ambapo rigi, mtambo wa kuteremsha na kuvuta vifaa, ni ghali.

Jambo moja la protekta linafaa kukaririwa na kila anayeisimamia pampu. Mota ikizimwa, mafuta yake hupoa na kusinyaa, na majimaji ya kisima husogea hatua moja kuelekea ndani. Ikiwashwa tena, mafuta hutanuka na sehemu yake hutoka nje. Kwa hiyo kila kuzimika ni pumzi moja, na kila pumzi hupunguza akiba. Kisima kinachojizima mara nne kwa siku kwa sababu ya umeme mbovu au mpangilio mbaya wa vikomo huimaliza protekta hata kama maji yake ni safi na joto lake ni la wastani.

Gesi

Impela hufanya kazi kwa kuyarusha majimaji nje kwa mwendo. Gesi ni nyepesi, hivyo hubaki katikati ya impela huku majimaji yakitupwa pembeni. Povu likijaa mdomo wa hatua ya kwanza, pampu inakabwa na gesi na mtiririko unakatika ingawa shafti inaendelea kuzunguka. Hatua za kawaida za mtiririko mnyoofu wa pembeni huanza kusumbuka gesi huru ikifika takriban asilimia 10 ya ujazo mdomoni. Hatua za mtiririko mchanganyiko huvumilia karibu maradufu ya hapo. Juu ya kiwango hicho unahitaji kitenganishi kinachozunguka, au hatua maalumu za kubana gesi chini ya pampu kuu, au vyote viwili.

Kabla ya kununua vifaa hivyo, angalia kama pampu inaweza kuteremshwa chini ya matobo ya kisima, yanayoingiza majimaji kutoka mwambani. Hapo gesi hupanda yenyewe kupitia nafasi iliyo kati ya tubingi na kesingi, bomba la nje la kisima, na majimaji hushuka kuitafuta pampu. Ni utenganishaji bora kuliko wa mashine yoyote. Kasoro yake ni kwamba mota inakaa mahali ambapo majimaji hayapiti, na mota hii hupozwa na majimaji yanayoipitia ubavuni. Lazima basi ivalishwe bomba la kuifunika, ili majimaji yalazimike kushuka hadi chini ya mota kabla ya kupanda kuelekea mdomoni. Kesingi ikiwa nyembamba bomba hilo haliingii, na chaguo lote linakufa. Kitenganishi cha kuzunguka nacho kina hatari yake: kwenye kisima chenye mchanga, chembe zinazozungushwa kwa kasi zinaweza kuitoboa nyumba yake mpaka mnyororo wa vifaa ukatike, na nusu ya mtambo ikaanguka kisimani.

Kupima ukubwa: mfano mmoja kamili

Chukua kisima chenye kesingi ya inchi 7 ambayo ndani yake ni milimita 157, pampu ikae mita 2,000, na lengo liwe mita za ujazo 300 kwa siku, yaani karibu mapipa 1,900. Wakati wa uzalishaji usawa wa majimaji husimama mita 1,200 kutoka juu. Mchanganyiko wa maji na mafuta una msongamano wa 0.95 ukilinganishwa na maji, na presha ya kichwa cha kisima ni bar 10.

Kimo cha kusukuma ni jumla ya vitu vitatu: mita 1,200 za kunyanyua, karibu mita 110 za kuishinda ile bar 10, na takriban mita 40 za msuguano ndani ya tubingi. Jumla ni mita 1,350. Mkunjo wa pampu uliyochagua, yaani mchoro wa kimo kwa kila mtiririko, ukionyesha mita 6 kwa hatua kwenye mtiririko huo, unahitaji hatua 225. Nguvu inayoingia kwenye majimaji ni kilowati 44. Kwa ufanisi wa asilimia 60 shafti inadai kilowati 73. Ongeza kidogo kwa ajili ya protekta na kitenganishi, na mota ya kilowati 90 inatosha.

Watu wengi huishia hapo. Hesabu tatu zilizobaki ndizo zinazotofautisha usanifu mzuri na wa kubahatisha.

Ya kwanza ni upoaji. Kanuni ya kawaida inataka majimaji yapite kando ya mota kwa angalau mita 0.3 kwa sekunde. Mota yenye kipenyo cha milimita 116 ndani ya kesingi hiyo inaacha nafasi ambayo mita za ujazo 300 kwa siku zinapita kwa mita 0.39 kwa sekunde. Ni salama. Mtiririko ukishuka hadi 200, mwendo unakuwa 0.26 na mota inaanza kuchemka taratibu. Mtambo uleule ukiwekwa kwenye kesingi ya inchi 9⅝ unapata karibu 0.13 tu, na bila bomba la kuifunika mota haifiki mbali.

Ya pili ni uzito wa majimaji ya siku ya kwanza. Kimo kwa mita hakibadiliki na msongamano, lakini nguvu inabadilika. Kisima kilichozuiwa kutiririka kwa maji ya chumvi yenye msongamano wa 1.2 kinaidai mota asilimia 26 zaidi ya tulivyohesabu, yaani zaidi ya kilowati 92 kabla hata ya kugusa mahitaji ya protekta. Mota ya kilowati 90 inazidiwa siku ileile inapowashwa. Jibu ni kuanza kwa mwendo wa chini, hezi 40 hivi, mpaka maji mazito yatoke.

Ya tatu ni mwendo wenyewe. Draivu ya kubadili hezi ni kifaa kizuri, na ndicho kinachofanya pampu moja iweze kufuata kisima kinachobadilika. Kutoka hezi 50 kwenda 60 mtiririko unaongezeka asilimia 20, kimo asilimia 44, lakini nguvu inayodaiwa inaongezeka asilimia 73. Uwezo wa mota wa kutoa nguvu, kwa upande wake, unaongezeka asilimia 20 tu, na uwezo wa shafti vivyo hivyo. Anayeongeza hezi ili apate mapipa zaidi bila kurudia hesabu hii anaikaribia siku ya shafti kukatika.

Tena usiisanifu pampu kwa takwimu za leo pekee. Presha ya mwamba itashuka na maji yatazidi, na kisima cha mita za ujazo 300 kinaweza kuwa cha 180 baada ya mwaka mmoja na nusu. Kila pampu ina masafa yake ya mtiririko yanayokubalika. Chini ya masafa hayo impela zinakandamizwa kuelekea chini, vishikizi vyake vinalika na joto linapanda. Juu yake zinasukumwa juu na kulika upande wa pili. Pendelea pampu ambayo mtiririko wa leo uko upande wa kulia wa kilele cha ufanisi, ili kisima kikidhoofika kiwe kinarudi kuelekea kileleni. API RP 11S4, mwongozo wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, inaeleza usanifu huu hatua kwa hatua, na ISO 15551 inaweka viwango vya kuthibitisha na kupima vifaa. Mkataba usiovitaja ni mkataba mwembamba.

Kebo

Kebo ni kipengele ambacho idara za manunuzi hupenda kukitumia kupunguza bei, na ni mahali pabaya pa kufanya hivyo. Tukirudi kwenye mfano: mota ya volti 1,350 inayokula ampea 55 ikilishwa na waya wa shaba wa milimita 21 za mraba kwa urefu wa mita 2,050, katika joto la nyuzi 90, itapoteza njiani karibu volti 205 na kilowati 19 hadi 20. Waya wa milimita 33 unapoteza karibu volti 130 na kilowati 12. Tofauti ya kilowati 7 ni zaidi ya uniti 160 za umeme kila siku kwa maisha yote ya mtambo. Kipimo cha haraka ni kutovuka volti 100 kwa kila kilomita. Waya mwembamba hapa uko kwenye mpaka wenyewe.

Kihami nacho ni cha kuchagua kwa uangalifu. Polipropilini ni nafuu na inafaa visima vya joto la chini, takriban hadi nyuzi 96. Juu ya hapo chukua mpira wa EPDM. Penye sulfidi ya hidrojeni, taka shuka la risasi juu ya kihami, kwa sababu gesi hiyo hupenya mpira na kuila shaba. Usisahau pia kwamba gesi iliyoyeyuka ndani ya mpira wa kebo kwa presha kubwa hutanuka presha ikishushwa ghafla, nayo huupasua mpira kutoka ndani. Mwendeshaji anayefungua vali ya kesingi kwa haraka anaweza kuiharibu kebo nzuri kwa dakika chache, na uharibifu ukaonekana baada ya wiki.

Mahali panapokufa zaidi ni viungo: kiungo cha kebo bapa na kebo kuu, pale inapoingia kwenye mota, na inapopita kichwa cha kisima. Fundi wa kuunganisha kebo ana uzito sawa na mhandisi aliyeisanifu pampu. Kuunganisha kwenye mvua au vumbi bila hema ni kosa, na msimamizi anayo haki ya kusimamisha kazi.

Kuteremsha na kuwasha

Wakati wa kuteremsha, hatari kubwa ni kebo kubanwa au kukwaruzwa na mota kukunjwa kwenye kona za kisima. Kagua ramani ya mkengeuko: kona ya zaidi ya nyuzi 6 kwa kila mita 30 inahitaji hesabu ya mkazo kabla ya kupitisha mnyororo, na mahali pa kukaa pampu pawe pameenda sawa, karibu bila kona. Shafti ndefu iliyokaa kwenye mpindo hulika beringi usiku na mchana. Teremsha polepole, funga kebo kwa vibanio kwenye kila kiungo cha tubingi, na pima ukinzani wa kihami kila baada ya mita 300. Ukiona umeshuka ghafla, simama palepale. Ni nafuu kurudisha viungo kumi kuliko kufika chini na kugundua kebo imejeruhiwa.

Weka vali ya kuzuia kurudi viungo viwili au vitatu juu ya pampu, na juu yake vali ya kumwagia ili tubingi isitolewe ikiwa imejaa. Penye mchanga mwingi wengine hawaiweki vali ya kuzuia kurudi, kwa hofu kwamba mchanga utatuama juu yake na kuiziba. Ni uamuzi halali, lakini una gharama: pampu ikizimika, nguzo ya majimaji hushuka kupitia impela na kuizungusha shafti kinyume. Kuiwasha mota wakati huo ni kuikata shafti. Lazima draivu iwe na kipindi cha kusubiri, na kisiondolewe na mtu mwenye haraka.

Kuzunguka huko kinyume kuna hatari kwa maisha ya watu. Mota ya sumaku za kudumu, inayozidi kupendwa kwa ufanisi wake, huzalisha umeme kila shafti inapozunguka, iwe imezimwa au imekatwa kwenye mtandao. Hata wakati mnyororo unateremshwa au kutolewa, majimaji yakipita ndani ya pampu yanaweza kuuzungusha. Ncha za kebo ziunganishwe pamoja na kuwekwa ardhini kabla mtu hajazigusa, kila mara. Sanduku la kuunganishia kati ya kichwa cha kisima na draivu nalo liwe na matundu ya hewa, kwa sababu gesi hupanda ndani ya kebo yenyewe na isipopata pa kutokea itafika kwenye chumba chenye cheche.

Siku ya kuwasha, choki, vali ya kudhibiti mtiririko kwenye kichwa cha kisima, isiwe imefungwa kabisa wala kufunguliwa yote. Andika presha ya mdomo kabla ya kuanza, washa kwa mwendo wa chini, kisha hesabu muda wa majimaji kufika juu na ulinganishe na ujazo wa tubingi. Yakichelewa sana, shuku mzunguko uliogeuka: badilisha awamu mbili na ulinganishe presha ya kutokea. Pampu inayozunguka kinyume bado husukuma kidogo, ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa wiki nzima bila kugunduliwa. Kisha ongeza hezi kwa hatua ndogo, ukishusha presha ya mdomo taratibu. Kisima kikivutwa kwa nguvu siku ya kwanza huleta mchanga ambao kingeubakiza mwambani.

Kusoma ishara

Sensa ya chini ni nyongeza ambayo tusingekubali kuikosa. Presha ya mdomo ikipanda, ya kutokea ikashuka na mkondo ukapungua, kuna mambo machache ya kushuku: hatua zilizolika, shafti iliyokatika, mdomo ulioziba, au tubingi iliyotoboka. Funga choki kwa muda mfupi ukiangalia kichwa cha kisima. Presha ikipanda vizuri, pampu bado ina nguvu. Ikikataa kupanda, tundu la tubingi au pampu iliyochoka ndiyo jibu. Mkondo ukishuka mpaka karibu na ule wa mota isiyo na mzigo, shafti imekatika na hakuna haja ya kuendelea kuijaribu.

Mkondo unaotetemeka ovyo huku mtiririko ukija na kukatika ni gesi. Hapa wengi huongeza hezi. Kinachosaidia mara nyingi ni kuzipunguza, au kubana choki kidogo ili presha ya mdomo ipande na gesi irudi kuyeyuka. Joto la mota linalopanda wiki hata wiki huku mzigo ukiwa uleule ni dalili ya ukoko wa chumvi kwenye ganda la mota. Kemikali ya kuuzuia ipelekwe mpaka chini ya mota kwa mrija wake, maana ukiimwaga juu ya mdomo inaikosa mota kabisa. Mtetemo unaopanda pamoja na mchanga kwenye sampuli unaonyesha beringi zinalika, na hapo beringi za kabidi ya tangisteni zilipaswa kuagizwa tangu mwanzo.

Sensa ikinyamaza ghafla huku pampu inaendelea, usikimbilie kuilaumu sensa. Ishara yake husafiri kwenye kebo ileile ya umeme, na awamu moja ikigusa ardhi, ishara hupotea ingawa mota inaweza kuendelea kuzunguka kwa muda mrefu. Katika hali hiyo usiizime bila sababu: huenda isiwake tena. Agiza mtambo wa akiba kwanza.

Baharini

Kwenye jukwaa, faida za pampu hii zinang'aa kwa sababu haihitaji nafasi juu. Kinachoonekana sitahani ni draivu na transfoma tu. Ila sheria za usalama wa baharini huongeza pakeri (kizibo kati ya tubingi na kesingi) juu ya pampu, vali ya usalama ya chini ya sakafu ya bahari, vali ya kupumulia gesi, na kipitisho cha kebo ndani ya pakeri. Kila kimoja ni kiungo kingine cha kebo na mahali pengine pa kufa. Gharama ya kuibadilisha pampu nayo hubebwa karibu yote na rigi, na bei ya pampu yenyewe huwa sehemu ndogo ya hesabu. Ndiyo maana baharini tunaunga mkono kulipia protekta mbili, kebo ya daraja la juu na hata pampu ya pili ya akiba kwenye tubingi ileile, vitu ambavyo kwenye kisima kifupi cha nchi kavu vingekuwa ufujaji.

Njia nyingine ni kuitoa pampu kisimani kabisa. Shell, kwenye mradi wa Parque das Conchas nje ya Brazili ulioanza kuzalisha mwaka 2009, na Perdido kwenye Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, iliweka pampu hizi ndani ya mapipa marefu yaliyozamishwa sakafuni mwa bahari. Majimaji ya visima kadhaa hukusanyika humo, gesi hujitenga na kupanda kwa njia yake, na pampu husukuma kilichobaki hadi juu. Tatizo la gesi linatatuliwa kwa mvutano wa dunia, na pampu moja ikifa visima havifunguliwi. Kwa upande wa nchi kavu, Wytch Farm kusini mwa Uingereza ilitumia pampu hizi kwenye visima vilivyochimbwa kutoka ardhini kuelekea chini ya bahari, vingine vikivuka kilomita 10 kwa ulalo mwishoni mwa miaka ya 1990. Pampu ilikaa sehemu ya juu ya kisima, mbali na matobo, na ikatosha.

Washindani wake

Kunyanyua kwa gesi, yaani kuingiza gesi kwenye tubingi ili kuyapunguzia majimaji uzito, ndiko mshindani wa kweli baharini. Vali zake hubadilishwa kwa waya bila rigi, mchanga hauzisumbui sana, na gesi ya kisima inakuwa msaada badala ya adui. Lakini njia hii inahitaji kompresa na gesi ya kutosha, na haiwezi kuishusha presha ya chini ya kisima kama pampu inavyofanya. Maji yakizidi asilimia 80 tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye mapipa. Pampu ya fimbo, ile ya kichwa cha farasi, bado ni bora kwa visima vifupi vya nchi kavu vyenye mapipa machache, na mafundi wa kuitengeneza hupatikana kwa urahisi. Pampu ya parafujo inawashinda wote kwenye mafuta mazito yenye mchanga, mradi mpira wake usikutane na joto kali au mafuta mepesi yenye aromatiki, maana huvimba na kukwama.

Cha kudai kwenye mkataba

Dai mkunjo wa majaribio wa pampu yako mwenyewe kwa kufuata API RP 11S2, na usikubali ule wa katalogi. Dai fundi wa kiwanda awepo kisimani wakati wa kuteremsha na siku ya kuwasha. Kwenye dhamana, soma jinsi umri unavyohesabiwa: wengine huhesabu tangu pampu inapotoka bohari, wengine tangu inapowashwa, na wengi huondoa vifo vya mchanga na gesi, yaani vifo vyenyewe unavyoviogopa. Na pampu ikitolewa, isioshwe kabla ya kupigwa picha. Chukua sampuli ya kilichomo ndani ya mdomo, pima mafuta ya kila chumba cha protekta uone maji yalifika chumba cha ngapi, zungusha shafti ya kila kifaa kwa mkono, kisha mtambo ufunguliwe mbele ya mwakilishi wako, na ripoti ifuate mpangilio wa API RP 11S1. Ripoti hiyo iwe mezani kabla oda ya pampu inayofuata haijasainiwa, kwa sababu ukubwa wa mota, aina ya beringi na mfuko wa protekta vyote vinabadilika kulingana na kilichokutwa ndani.